Kaka ana jeraha la C6, vidole havishiki. Nanyoosha sawa?

mdogo_wake: Habari zenu. Kaka yangu aliumia uti wa mgongo shingoni, usawa wa C6, yaani pingili ya sita ya shingo, huu ni mwezi wa 5 tangu aumie. Kiwiko anakunja, kifundo cha mkono anainua, ila vidole vimelala tu. Jana kijiko kilimponyoka mara 4, akageukia ukutani. Kila jioni namnyoosha vidole na kifundo kwa pamoja mpaka mwisho. Nafanya sawa?

Mshiko: Pole sana ndugu yangu. Kunyoosha hivyo acha leo hii! Mimi pia ni C6, mwaka wa 9. Ukiinua kifundo, kano (nyuzi zinazounga misuli na mifupa) zinavutika, vidole vinajikunja vyenyewe na gumba linagusa ubavu wa kidole cha shahada. Huo ndio mshiko wetu. Kano zikilegezwa, umempokonya. Kifundo kikiwa juu, vidole viache vikunjike. Ukitaka kuvinyoosha, shusha kifundo kwanza. Nilianza na kipande cha sponji, kisha kitambaa, kisha mswaki wenye mpini ulionenepeshwa. Siku nilipopiga mswaki mwenyewe nililia.

fizio_wa_zamu: Kweli kabisa. Muoneni pia daktari wa upasuaji wa mikono. Kuna upasuaji wa kuhamisha kano, na kuna wa kuhamisha neva. Ya neva haingoji miaka, misuli isiyopata neva hudhoofika, kwa hiyo ulizieni sasa.

mdogo_wake: Asanteni mno. Leo nimeshusha kifundo kwanza. Baadaye akakiinua, akabana kona ya shuka. Akaniambia, "Ivute." Nikavuta, haikutoka mara moja.