Nyoka wa mahindi ana miezi 5 na gramu 19 tu, nimlishe kila baada ya siku 3?

mama_wawili_columbus

Wakuu habari za humu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu na nyoka wa kufuga. Niko Columbus, Ohio, mwanangu ana miaka 9 na mwaka jana alimsumbua baba yake na hii habari ya nyoka wa mahindi mpaka akakubali, tukamnunua mwezi wa 10 kwenye maonyesho ya watambaazi, muuzaji akatuambia ametotolewa mwezi wa 8. Ni yule wa rangi ya asili, mwili wa chungwa na madoa mekundu yenye ukingo mweusi, tumboni miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Mtoto anamwita Pilipili.

Alipokuja alikuwa na gramu 9. Kila Jumapili anakula pinki mmoja, vile vichanga vya panya visivyo na manyoya, tunanunua wa kugandishwa. Hajawahi kukataa hata siku moja. Juzi nikampima kwenye mzani wa jikoni (nilinunua mwingine kwa ajili yake, ule wa unga hauguswi) akaja gramu 19. Sasa mtoto kaona kwenye intaneti watu wana nyoka wa umri huo huo wana gramu 50, wengine 60, wanene kama kidole gumba, akaanza kulia kwamba Pilipili anakufa njaa na sisi ndio tunamuua. Roho ikaniuma. Jumapili akala pinki wake kama kawaida, Jumatano nikampa mwingine mkubwa, wale wanaoitwa fazi walioanza kuota manyoya, huyo alikuwa gramu 4. Alihangaika naye kama dakika 20, taya limetanuka mpaka ngozi ya shingo inaonekana katikati ya magamba, akammeza. Ijumaa asubuhi tumemkuta kamtapika, nusu kaoza, harufu hata sijui niielezee vipi, na mwenyewe kajikunja pembeni hatoki.

Naomba kujua, gramu 19 kwa miezi 5 ni udumavu? Na hii ratiba ya kila siku 3 ambayo naisoma kwa watu ni sahihi? Na sasa hivi nimpe chakula lini maana tumbo ni tupu kabisa, nataka kumlisha leo.

babu_wa_leicester

Dada usimlishe leo. Wala kesho. Hili ndilo la kwanza, mengine yote yanaweza kusubiri.

Nyoka akitapika anatoa pamoja na ile asidi ya tumboni na wadudu wazuri wanaosaidia kusaga chakula, na koo lake linaungua. Akipewa chakula kabla hajapona anatapika tena, na mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, ya tatu kwa mtoto wa gramu 19 unaweza kumpoteza kabisa. Mpe siku 10 mpaka 14 bila chakula, maji safi yawepo muda wote, msimshike kabisa. Halafu anza na pinki mdogo kuliko aliyezoea, mmoja tu. Akikaa naye vizuri subiri wiki nzima, rudia huyo huyo mdogo, ndipo urudi kwenye ratiba. Akitapika tena hapo tafuta daktari wa wanyama anayejua watambaazi, sio yule wa mbwa na paka tu.

Sasa habari ya ukuaji. Nimefuga hawa toka 2013 hapa Leicester na nataka nikuambie bila kuzunguka, Pilipili hajadumaa. Hawa wakitoka kwenye yai wana gramu 5 mpaka 8 hivi na urefu wa sentimita 20 mpaka 30. Wako alikuja na 9, sasa ana 19, yaani kaongezeka mara mbili na zaidi ndani ya miezi mitatu kwa pinki mmoja wa wiki. Kwa chakula hicho hiyo ni hesabu inayokubali kabisa. Wale wa gramu 60 miezi 5 wamelishwa kwa kasi, na watu wanaweka picha za walionenepa, hakuna anayeweka picha ya nyoka wa kawaida.

Mimi wa kwanza wangu nilimfanyia hayo hayo ya siku 3. Niliona raha jinsi alivyokuwa anakua, kila wiki nampima naandika namba mpya, kabla hajafikisha miaka miwili alikuwa na gramu 500 na kitu. Niliona nimefaulu. Kumbe mafuta yalikuwa yanajaa ndani, hawa mafuta yao hayaonekani kama ya mtu, yanaanza ndani ya tumbo na kwenye ini, ukija kuyaona nje, pale karibu na mkia panavimba kama nyonga, basi ni siku nyingi. Alikufa akiwa na miaka 6. Nyoka hawa wanaishi miaka 15, 20 na zaidi. Jike langu la sasa lilitotolewa 2015, nimelilea taratibu, mwaka wa kwanza liliishia gramu 70 tu na wenzangu walinicheka, leo bado linapanda matawi yake jioni kama kijana.

Kwa hiyo usihesabu miezi, pima uzito. Mlo uwe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au ukikosa mzani tazama unene, panya asizidi sana upana wa nyoka pale mwili ulipo mnene zaidi. Akizidi mara moja na nusu ya hapo ni hatari. Yule wa gramu 4 kwa nyoka wa 19 alikuwa zaidi ya moja ya tano ya mwili wake, na bado pinki wa Jumapili alikuwa hajaisha tumboni. Ndiyo maana akarudi.

Mimi naenda hivi. Chini ya gramu 15 pinki mmoja kila siku 5 mpaka 7. Kuanzia 15 mpaka 25 hapo nampa pinki mkubwa mmoja au wadogo wawili kwa wakati mmoja, siku zile zile. Akifika 30 ndipo fazi anaingia. Kwenye 50 mpaka 90 wale panya vijana waliofungua macho wanaorukaruka, akipita 100 panya wadogo waliokwisha achishwa kunyonya, na siku zinaanza kusogea 7, 8. Mkubwa kabisa anakula panya mmoja kila siku 10 mpaka 14 na anatosheka. Unaona kwamba mlo unaongezeka ukubwa, siku hazipungui. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaongeza mara badala ya kuongeza kipimo.

Wako kwenye 19 alikuwa ameshafika kwenye wawili wadogo. Mwanao hakukosea sana kuona anahitaji kuongezewa, ila ilikuwa iongezwe kidogo.

Otis_wa_Kisumu

Babu hapo umesema yote kuhusu chakula. Mimi niko North Carolina na nataka kuuliza mambo ya joto, kwa sababu mara nyingi hawa wakitapika si chakula peke yake. Mama Pilipili, huko Ohio saa hii ni baridi sana. Upande wake wa moto ni digrii ngapi, na unapima wapi? Na alishikwa baada ya kula?

Nyoka hana joto lake mwenyewe, hiyo tumbo inasaga kwa joto la nje. Upande wa moto unafaa uwe 85 hadi 88 Farenhaiti, yaani 29 hadi 31 Selsiasi, upande wa baridi kitu kama 72 hadi 75. Kukiwa baridi panya anaoza ndani kabla hajasagwa, na nyoka lazima amtoe. Ukisema alikuwa nusu kaoza mimi nafikiria joto kwanza.

mama_wawili_columbus

Asanteni sana, babu nimesoma mara tatu na nimemsomea mwanangu. Sijamlisha.

Otis umenifanya nimwone mume wangu akitambaa sakafuni saa hizi. Tulikuwa na kile kipimajoto cha duara kilichobandikwa kwenye kioo juu, kinasema 80 kila siku, nikajua tuko sawa. Kanunua kile cha waya wenye kichwa. Juu ya chipsi za mbao upande wa moto ni 73! Halafu akaingiza waya chini kabisa, kwenye kioo juu ya mkeka wa joto, ikaja 104. Chipsi tulijaza inchi tatu tukidhani anapenda kujichimbia.

Na kuhusu kushikwa, ndiyo. Nimemuuliza mtoto taratibu akakiri kwamba Alhamisi alimtoa kumwonyesha binamu yake, kama dakika kumi tu anasema. Amelia sana.

Otis_wa_Kisumu

Pole sana, na umwambie kijana hajaua mtu. Lakini sheria iwe hii, siku mbili kamili baada ya kula hakuna kumgusa, na akiwa bado na uvimbe tumboni ongeza siku.

Hiyo 104 ndiyo inanitisha kuliko 73. Akisikia baridi atachimba kufuata joto mpaka aguse kioo, na nyoka haondoki haraka kwa kitu kinachomuunguza, anaungua tumbo amelala hapo hapo. Mkeka wa joto haufai kuwashwa bila thamostati, kile kifaa kinachouzima na kuuwasha joto lisipite kiasi, nunua leo, kile kichwa cha thamostati kikae pale juu ya mkeka. Punguza chipsi upande huo zibaki kama inchi moja. Weka maficho mawili, moja upande wa moto moja upande wa baridi, ya kubana, awe anagusa kuta zote, la sivyo atachagua kujificha kwenye baridi badala ya kupata joto.

Huku kwetu wako porini, mwezi wa tano nilimpata mmoja mdogo nyuma ya gereji, amelala kwenye gome la mti, mjusi yuko nusu mdomoni. Hivyo ndivyo wanaanza, mijusi na vyura wadogo, panya ni baadaye. Na mjusi ni chakula chembamba. Hakuna nyoka wa huku nje anakula kila siku 3 mwaka mzima, na winta hali kitu kabisa.

Mzaramo77

Samahani wakuu mimi sifugi, nimepita tu. Kwetu nyoka akiingia ndani anauawa kwanza, maswali baadaye. Huyu hana sumu kweli? Mtoto wa miaka 9 na nyoka chumba kimoja, dada huogopi?

mama_wawili_columbus

Ndugu yangu nilikuwa naogopa kuliko wewe. Mama yangu Tanga mpaka leo akipiga video lazima nimhakikishie kwanza niko jikoni. Hana sumu, anakamata kwa mdomo na kubana, na wakulima huku Marekani walikuwa wanawaona kwenye maghala ya mahindi wakifuata panya, wengine wanasema ndiyo asili ya jina, wengine wanasema ni ile miraba ya tumboni inafanana na punje za mahindi ya rangi. Ninachoogopa sasa ni salmonela, bakteria wa kuharisha ambao watambaazi wanaweza kuwa nao. Mdogo wake ana miaka 3 na hamgusi kabisa, CDC, shirika la afya ya umma la huku Marekani, wanasema watoto wa chini ya miaka 5 wasishike watambaazi. Mkubwa akimshika ananawa kwa sabuni nikiwa nimesimama pale, na pinki wanayeyushwa kwenye kikopo chao, hakiingii kwenye sinki la vyombo.

babu_wa_leicester

Hapo kwenye kuyeyusha, unafanyaje? Usiweke kwenye maikrowevu, anapikika ndani na kupasuka. Usiku kwenye friji ndani ya mfuko, kisha maji ya uvuguvugu dakika chache mpaka awe na joto la mwili, ubonyeze tumbo lake na kidole usikie hakuna barafu katikati. Katikati pakiwa baridi pia wanatapika.

Na mkimwona macho yamekuwa ya bluu kama maziwa, anataka kujivua gamba, akikataa kula siku hizo msihangaike naye. Wadogo wanajivua karibu kila mwezi na nusu, wengine mapema zaidi.

mama_wawili_columbus

Nimerudi, wiki sita sasa. Thamostati ipo, upande wa moto 86 juu ya chipsi. Tulimwacha siku 12, alishuka mpaka gramu 17 na hizo siku sikulala vizuri. Tukampa pinki mdogo wa gramu 1 na nusu, mtoto akakaa nje ya mlango asimsumbue, asubuhi hakuna kitu kilichotapikwa. Wiki iliyofuata huyo huyo. Halafu pinki wa kawaida, sasa anapata wadogo wawili kila siku ya 6. Jana ni gramu 22.

Na Jumanne kajivua gamba zima bila kukatika, mpaka vile vioo vya macho, yale magamba angavu yanayofunika macho, vimo. Mwanangu kalipima kwa rula, sentimita 46, akaanza kushangilia kwamba Pilipili karefuka.

babu_wa_leicester

Gamba linavutika linapotoka, nyoka mwenyewe ni mfupi kuliko hapo, mwambie asiandike 46 kwenye daftari. Aandike 22.

mama_wawili_columbus

Ameandika zote mbili, 46 kaizungushia duara na pembeni kaandika "gamba". Daftari analo mwenyewe, lina tarehe, uzito, na siku ambazo haruhusiwi kumshika amezipaka rangi nyekundu.