Amavasya ya Jyeshtha: mfungo wa Savitri huwa siku ipi, na tarpan inaingia wapi?

Mtaka_Kujua
Wadau, naomba msaada wa wanaozijua taratibu za Kihindu. Nataka kuuelewa mfungo wa Vat Savitri, ule wanaofunga wanawake walioolewa kaskazini mwa India kwa ajili ya uhai wa waume na heri ya nyumba. Kila nikifungua panchang (kalenda ya Kihindu) nachanganyikiwa. Kwa mwaka 2025 moja imeandika Amavasya (siku ya giza, mwezi usipoonekana) tarehe 26 Mei, nyingine 27 Mei. Ya Kigujarati ndiyo kabisa: Amavasya ya mwezi wa Jyeshtha imeiweka mwezi mzima baadaye. Siku huchaguliwaje? Ni mfungo wa kutokunywa hata maji? Ibada ya mti inakwendaje? Na mume akiwa na tarpan (kuwatolea maji wazee waliofariki) siku hiyohiyo, inakuwaje?

Hesabu_za_Tithi
Mkuu, hizo panchang zote tatu ziko sawa, ila kila moja inajibu swali lake.

Tithi, yaani siku inayohesabiwa kwa mwendo wa mwezi, haifuati siku ya saa 24. Ni muda ambao mwezi unatumia kulitangulia jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, muda huo hucheza kati ya saa 19 na 26 hivi. Amavasya ni nyuzi 12 za mwisho kabla mwezi haujakutana na jua, kwa hiyo huanza na kuisha saa yoyote ile. Mwaka 2025 ilianza 26 Mei yapata saa 6:11 mchana kwa saa za India, ikaisha 27 Mei yapata saa 2:31 asubuhi.

Sasa kila tendo lina wakati wake. Kuoga mtoni na kutoa sadaka hufuata tithi iliyopo jua linapochomoza, basi hiyo ni 27. Shraddha, ibada ya wazee waliofariki, huangalia aparahna: gawa mchana mafungu matano, la nne ndilo hilo. Hiyo ni 26. Vat Savitri nayo huchukua Amavasya iliyoshikana na Chaturdashi (tithi inayoitangulia), yaani siku ile ya kwanza, ndiyo maana wanawake walifunga 26. Tena ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo wengi waliihesabu pia kuwa Somvati Amavasya, Amavasya inayoangukia Jumatatu.

Wanaokosea ni wale wanaoshika kanuni moja ya mawio kwa kila kitu. Kwa kanuni hiyo Diwali (sikukuu ya taa, nayo ya Amavasya) ya 2025 ingekuwa 21 Oktoba, lakini Lakshmi Puja, ibada (puja) ya mungu wa kike Lakshmi, hufanywa pradosh, baada ya jua kuzama. Amavasya iliingia tarehe 20 alasiri, ikaisha 21 karibu na machweo, kwa hiyo sehemu kubwa ya India iliwasha taa tarehe 20.

Kuhusu Kigujarati: kaskazini mwezi huishia siku ya mbalamwezi kamili, Gujarat, Maharashtra na kusini huishia Amavasya. Nusu ya giza ndiyo inayobadilika jina. Giza lilelile ambalo Uttar Pradesh na Bihar wanaliita la Jyeshtha, Gujarat bado wanaliita la Vaishakh, mwezi unaotangulia. Zaidi ya hapo, Gujarat na Maharashtra hawafungi Savitri siku ya Amavasya hata kidogo. Wao hufunga Purnima (mbalamwezi kamili) ya Jyeshtha, kiasi cha siku 15 baadaye. Ukichanganya kalenda ya huku na desturi ya kule, umekosa yote mawili.

Jambo la mwisho: anayeishi nje ya India asinakili tarehe ya Varanasi. Tithi inaanza kwa mpigo mmoja duniani kote, lakini jua la London halichomozi pamoja na la Varanasi.

Uzi_wa_Pamba
Hapo juu kamaliza. Mimi naingia kwenye mti.

Vinavyoandaliwa: chombo cha maji, uzi mweupe wa pamba usiosokotwa sana, manjano, kumkum na sindoor (poda nyekundu), mchele mzima usiovunjika, maua, udi, taa ya samli, matunda, upepeo wa mwanzi, picha au vinyago vya Savitri na mumewe Satyavan, na dengu nyeusi. Dengu zilowekwe usiku wa kuamkia, kwa sababu zikilowekwa asubuhi zinabaki ngumu, na kuna zitakazomezwa nzima.

Asubuhi mwanamke anaoga, anavaa vazi la ndoa, anaweka nia (sankalp) akitaja siku na analofungia. Kwenye mti wa vat, ule mkubwa wa jamii ya mkuyu unaoteremsha mizizi kutoka matawini, anamwagia maji shinani, si kwenye gome. Anapaka manjano na kumkum, anaweka mchele na maua, anawasha taa. Kisha anafunga ncha ya uzi na kulizunguka shina, mti ukiwa mkono wake wa kulia, uzi ukifunguka kadiri anavyokwenda. Mara 7 ndiyo kawaida, wengine hufika 108. Uzi hukatika sana pale unapovutwa kwenye mizizi inayoning'inia, kwa hiyo ushikwe umelegea. Ukikatika unaungwa, safari inaendelea.

Halafu anaketi na dengu mkononi kusikiliza kisa, kile cha Mahabharata: Satyavan anakufa, Yama, mungu wa mauti, anachukua roho yake, Savitri anamfuata nyuma hadi anaruhusiwa kuomba chochote isipokuwa uhai wa mume. Ombi lake la kwanza ni macho ya baba mkwe aliyekuwa kipofu. Ndipo utaelewa kwa nini akirudi nyumbani humpepea mume kwa ule upepeo, kisha akamwinamia mama mkwe miguuni na kumpa bayna: dengu, kitambaa, na fedha kidogo. Wengi huiruka hatua hii kana kwamba ni adabu tu, wakati imo ndani ya ibada.

Kufunga: wako wasiogusa hata maji, lakini wengi hula matunda na maziwa. Mjamzito au mwenye kisukari hahitaji kushindana na mtu, anakula matunda na ibada yake ni kamili. Aliye hedhini hufunga, ila puja anafanyiwa na mwenzake. Kufungua, sehemu nyingi humezwa chipukizi changa la vat pamoja na dengu kwa maji, ndipo chakula kinafuata.

Mtaka_Kujua
Asanteni sana. Nafaka je? Nimesoma kwamba wali ni mwiko. Na pasipo na mti?

Uzi_wa_Pamba
Mwiko wa nafaka ni wa Ekadashi (tithi ya 11), watu wameuhamishia huku. Amavasya za kawaida wengi hula mlo mmoja uliopikwa, bila vitunguu wala vitunguu saumu. Anayefuata mlo wa matunda ndiye anayeacha nafaka na kutumia chumvi ya mawe.

Pasipo na mti, wengine huweka tawi kwenye chungu.

Shina_na_Mizizi
Hapo kwenye tawi napinga. Siku hiyo matawi huvunjwa kwa mafungu na kuuzwa sokoni, kumbe anayeabudiwa ni mti wenyewe ukiwa hai. Mche mdogo kwenye chungu unatosha, na unatumika tena mwakani. Pia uzi wa nailoni hauozi, unabaki ukikaba mizizi michanga. Wa pamba huisha wenyewe. Na taa ikae chini kwenye sahani, mbali na shina. Nyuzi mia zilizokauka zinashika moto haraka.

Darbha
Nijibu la tarpan. Hufanywa na mwanamume ambaye baba yake amefariki. Baba akiwa hai, hamtolei maji babu.

Chombo kiwe cha shaba au fedha, si chuma. Pete ya majani ya kusha huvaliwa kidole cha pete cha mkono wa kulia. Miungu kwanza: uso mashariki, uzi mtakatifu anaouvaa mwilini uwe bega la kushoto, maji yanapita ncha za vidole, kiganja kimoja kwa kila jina. Rishi (wahenga watakatifu): uso kaskazini, uzi umening'inia shingoni kama shada, maji yanapita chini ya kidole cha mwisho, viganja viwili. Wazee: uso kusini, uzi unahamia bega la kulia, maji yenye ufuta mweusi yanapita kati ya kidole gumba na cha shahada, viganja vitatu kwa kila mmoja, ukitaja gotra (ukoo) na jina: baba, babu, baba wa babu, kisha upande wa mama.

Kosa la kila siku ni kuusahau uzi bega la kulia na kuingia nao kwenye puja ya miungu. Urudishe kushoto kwanza, unywe maji kidogo ya kujitakasa (achaman), ndipo uendelee.

Kuhusu kugongana: havigongani. Savitri ni asubuhi hadi mchana, ni ya mke. Kwa 2025 tithi iliingia saa sita na ushei, kwa hiyo tarpan ya mume ilisubiri alasiri ya 26. Nyumba za Kitamil huongeza jambo moja: kolam (mchoro wa unga) ya mlangoni haichorwi mpaka tarpan iishe, na mlo wa kwanza uliopikwa hupelekewa kunguru.