BMW R1150RT: sailensa inacheza injini ikishapata moto

mwendesha_RT

Wakuu, naomba msaada kwa anayeijua injini ya boksa (silinda mbili zilizolala, moja kila upande). Ni R1150RT ya 2002, yenye plagi moja kila silinda. Ikiwa ya baridi inatulia. Ikishapata moto, sailensa (mwendo wa injini bila kushika resi) inapanda na kushuka kati ya mizunguko 900 na 1,500 kwa dakika, na kwenye foleni nikiachia resi ghafla kuna wakati inazima. Nikikata usukani kushoto mpaka mwisho, mlio unapanda kidogo. Plagi na chujio la hewa ni vipya. Fundi anataka kugeuza ile skrubu ndogo iliyopakwa rangi, inayozuia kipepeo cha throto (mlango wa hewa wa kila silinda) kisifunge kabisa. Nimruhusu?

fundi_boksa

Hapana mkuu, asiiguse. Hiyo ilipimwa kiwandani kwa mtiririko wa hewa na gereji ya kawaida haina kifaa cha kuirudisha. Pikipiki hii haina kipimo cha wingi wa hewa. Kompyuta yake ya Motronic inakadiria petroli kwa kusoma pembe ya kipepeo na mizunguko ya injini. Ukiisogeza skrubu ile, umeidanganya kompyuta kuanzia sifuri. Vilevile haina mota ya kurekebisha sailensa yenyewe kama zilivyo R1200 zilizofuata, kwa hiyo utulivu wote unatokana na mkono wa fundi.

Anza na tapeti, yaani nafasi ya uchezaji juu ya valvu. Ukisawazisha throto (silinda zote mbili zivute hewa sawa) wakati tapeti hazijakaa sawa, unalifunika tatizo tu. Injini iwe imelala usiku kucha. Toa plagi, weka gia ya juu, inua tairi la nyuma ulizungushe taratibu mpaka alama ya OT (pistoni imefika mwisho wa juu) itokee kwenye tundu lenye kizibo cha mpira upande wa kulia. Pistoni zote mbili zitakuwa juu kwa pamoja, ila unayoipima ni silinda ambayo tapeti zake zote nne zina uchezaji. Valvu za kuingiza ni milimita 0.15, za kutoa moshi 0.30. Roka (mkono unaobonyeza valvu) moja inasukuma valvu mbili, kwa hiyo ingiza fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) mbili kwa wakati mmoja. Ukitumia moja roka inalala upande na kipimo kinakuwa cha uongo. Nati za kufungia zikazwe kwa Nm 8 tu (kipimo cha spana ya torki). Kisha zungusha injini duara moja kamili, ufanye upande wa pili.

spana_nane

Naongezea la usukani, maana hapo umeshajijibu nusu. Mlio ukibadilika unapokata kona, waya ya resi imebana au haijakaa. Waya inatoka mkononi, inaingia kwenye kiboksi cha kugawanya, halafu zinatoka mbili kwenda kila throto. Kinachotokea sana ni kifuniko cha mwisho wa ganda la waya kuchomoka kwenye kikombe chake na kukaa ukingoni. Kipepeo cha upande huo kinabaki wazi kidogo na sailensa inapanda. Vuta kila ganda kwa vidole: lazima kuwe na uchezaji mdogo pande zote mbili, na vipepeo vyote viguse skrubu zao resi ikiachiwa. Kagua na waya ya ile lever ya kuwashia asubuhi, hakikisha inarudi mpaka mwisho.

Halafu tafuta hewa ya wizi. Chini ya kila throto kuna kichuchu chenye kofia ya mpira. Zile kofia zinapasuka kwa joto na hakuna anayezitazama. Kagua pia mipira inayounganisha throto na hedi. Injini ikiwa sailensa, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika umepata. Usitumie dawa ya kusafishia breki karibu na eksozi ya moto.

mwendesha_RT

Asanteni sana. Kifuniko cha waya ya kulia kweli kimekaa ukingoni. Kusawazisha nifanyeje bila geji za kununua?

fundi_boksa

Mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, kama mita 4. Ukunje umbo la U kwenye ubao mrefu, mimina oili ya tu-stroki ifike kama nusu, ncha zake uvalishe kwenye vile vichuchu viwili. Oili ni bora kuliko maji kwa sababu ikivutwa ndani kidogo inaungua tu. Weka mkono kwenye swichi ya kuzimia, oili ikikimbilia upande mmoja zima mara moja.

Injini iwe na joto la vijiti vitano kwenye kioo, na feni kubwa mbele, kwa sababu ikisimama bila upepo inachemka haraka. Kila throto ina skrubu kubwa ya shaba ya njano. Itoe, isafishe kaboni kwenye ncha na tundu lake, badilisha o-ringi kama imekauka. Izungushe ndani mpaka iguse bila kukaza, irudishe nje duara moja na nusu pande zote. Washa. Oili inapanda upande wenye mvuto mkubwa, yaani upande unaopata hewa pungufu. Sailensa ikiwa chini, fungua skrubu ya upande huo. Ikiwa juu, kaza ya upande wa pili. Lengo ni oili isimame sawa pande zote mbili, na mizunguko iwe 1,100 kwa dakika, tofauti ya 50 inakubalika.

Kisha shika resi kwenye 2,500 hadi 3,000. Oili ikiachana hapo, usiguse shaba. Rekebisha urefu wa waya ya upande mmoja, kaza nati yake, piga resi mara kadhaa, pima tena. Uchezaji wa waya usiishe.

spana_nane

Ukimaliza, toa waya wa betri dakika chache, urudishe, fungua swichi bila kuwasha, zungusha resi mpaka mwisho mara mbili, funga. Kompyuta inajifunza upya pembe ya kipepeo. Wenye toleo la plagi nne (mbili kila silinda): koili moja ikifa, mwendoni huioni kwa sababu plagi ya pili inachoma, ila sailensa inatikisika. Pimeni koili kabla ya kugusa shaba.