Mnaoandika "ingekuwaje kama Japani ingeiteka Mombasa", meli za mafuta mmezipeleka wapi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila simulizi ya vita mbadala ninayofungua siku hizi ni ileile: Aprili 1942 Wajapani wanaishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), wiki mbili baadaye wako Kilindini, mwezi haujaisha wanapeana mikono na Wajerumani pale Suez. Mafuta je? Kimya!

Wazo lenyewe silikatai, maana hofu hiyo ilikuwepo kweli. Admirali Nagumo wa Japani alikuja na manowari tano za kubeba ndege, akazipiga bandari za Ceylon, Colombo tarehe 5 Aprili na Trincomalee tarehe 9, akazamisha manowari za Waingereza Hermes, Cornwall na Dorsetshire. Waingereza wakazirudisha manowari zao kongwe hadi Kilindini, na mwezi Mei wakavamia Diego Suarez huko Madagaska ili Wajapani wasiwatangulie. Jeshi la Waingereza lililokuwa Misri lilikuwa likilishwa kwa meli zinazozunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupita bahari yetu hii, kwa kuwa Mediterania ilikuwa haipitiki. Ukiikata njia hiyo, Rommel, jenerali wa Wajerumani huko Afrika Kaskazini, anapumua.

Haya, nionyesheni mnavyoikata! Singapore hadi Mombasa ni kama kilomita 7,000. Manowari ndogo za kusindikiza hazimalizi safari hiyo bila kujazwa mafuta baharini, na meli za mafuta za Japani hazikutosha hata Pasifiki. Askari wakishashuka pwani watataka chakula, risasi na dawa wiki baada ya wiki. Nani analeta? Nani anamlinda njiani? Nagumo mwenyewe aligeuza akaenda zake, na Juni akawa Midway, huko Pasifiki, akipigwa na Wamarekani.

Linaloniuma zaidi ni mstari ule wa "jeshi likasafirishwa", basi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi I-27, ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi pia walikuwemo. Ndugu zetu walikufa kwenye njia ya ugavi, ninyi mnairuka kama haipo.

Anayeendelea na simulizi yake aweke hapa chini: meli ngapi za mafuta, zimepakia bandari gani, na Pasifiki imenyang'anywa zipi. Asipoweka, nitamuuliza tena kila akitoa sehemu mpya.