Mtaalamu kasema anayeroga mtumbwi wangu ni mdogo wangu. Nimwondoe vipi?

Tajiri_Nyegezi: Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Naomba ushauri, wa matusi apite kimya kimya. Nina mtumbwi wa dagaa Ziwa Victoria, kambi ipo kisiwani, mzigo unashushwa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Ghafla mzigo ukakata, usiku mzima ndoo mbili tatu, hata mafuta hayarudi. Nikaenda kwa mtaalamu, akanipa dawa ya kufukiza taa, akasema subiri wiki mbili. Mzigo umerudi mpaka magunia hayatoshi! Sasa anasema kazi haijaisha, mbaya wangu ni wa damu: mdogo wangu. Nimwondoe vipi bila mama kuumia?

Mama_Igoma: Baba, funga na kuomba. Damu haifukuzwi.

Msukuma_Halisi: Mwaka 2011 nilisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, yule mchungaji mstaafu, cha shilingi 500. Foleni ya magari haina mwisho, tumelala njiani, mvua yetu, vumbi letu. Niliporudi kila mtu akaniuliza "umepona?" nikasema ndiyo. Ungesemaje na nauli umeshakopa?

Mama_Igoma: @Msukuma_Halisi ulikuwa unaumwa nini?

Msukuma_Halisi: Mgongo. Bado upo.

Baharia_Mstaafu: Tajiri, siku unakwenda kwa mtaalamu mwezi ulikuwaje?

Tajiri_Nyegezi: Mwezi unahusiana nini na ndugu yangu? Tarehe sikumbuki.

Baharia_Mstaafu: Jibu tu.

Tajiri_Nyegezi: Ulikuwa mbalamwezi. Tulifika kwake usiku, uani palikuwa peupe hadi nikazima tochi ya simu. Ndiyo nini sasa?

Baharia_Mstaafu: Dagaa huku tunamvua kwa taa, tangu enzi za karabai hadi hizi za sola. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, dagaa hawajikusanyi kwenye taa yako. Wengi huegesha mitumbwi, wanashona nyavu. Baada ya hapo mwezi unachelewa kutoka karibu dakika 50 kila usiku, na baada ya wiki mbili ni giza totoro. Uliambiwa usubiri muda gani vile?

Kiboko_wa_Capri: 😂😂😂 Mtaalamu ana kalenda ukutani.

ChaiRangi: Wakuu, hii ni chai. Tajiri wa dagaa asiyejua mwezi hajazaliwa. Leta picha ya mtumbwi ukiwa na namba, la sivyo mods wafunge uzi.

Kiboko_wa_Capri: Nilinusa tangu aliposema "magunia hayatoshi". Huyu anaandika akiwa Sinza, Dar.

Tajiri_Nyegezi: Sina haja ya kudanganya. Mimi ni fundi simu, niliweka tu hela. Kwenye kivuko chenyewe natapika. Hesabu zote napewa kwa simu na nahodha, na ndiye aliyenipeleka kwa mtaalamu. Ana uzoefu na mambo ya ziwani.

ChaiRangi: Ngoja nirudishe chai kwenye birika. Nahodha mwenye uzoefu hakukwambia habari za mwezi? Na huyo dogo kwenye mtumbwi kazi yake ilikuwa nini?

Tajiri_Nyegezi: Hapandi mtumbwi. Anahesabu ndoo zikishuka. Ila msimgeuzie nahodha, ni mtu wa swala tano. Na mtaalamu alitaja hadi kovu la goti la mdogo wangu, hajawahi kumwona!

Kiboko_wa_Capri: Nahodha anamwona dogo na kaptula kila asubuhi.

Wakili_wa_Mtaani: Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928. Kumtaja mtu mchawi ni kosa. Kanda hii bibi zetu wameuawa kwa macho mekundu, na wekundu wenyewe ni moshi wa jikoni. Msicheze.

Tajiri_Nyegezi: Wakuu, ukweli ni kwamba ameshaondoka. Nilimpa nauli, akavuka daraja kurudi kwa mama Sengerema. Nilimwambia kazi imepungua. Nilitaka tu kujua nimweleze vipi mama, amepiga simu tangu asubuhi sipokei.

Baharia_Mstaafu: Na ndoo sasa anahesabu nani?

Tajiri_Nyegezi: Nahodha. Kwa muda.

Mama_Igoma: Yesu wangu.

Baharia_Mstaafu: Sisemi anaiba, sijamwona. Usimhukumu kama ulivyomhukumu dogo. Mrudishe mdogo wako, mpe daftari: ndoo za kila usiku, na hali ya mwezi pembeni. Mbalamwezi ijayo fukiza dawa mpaka taa zikohoe, uone. Mtaalamu wako mzigo ukirudi ni dawa, ukikata ni dogo. Muulize ni kitu gani kikitokea atakubali amekosea.

Tajiri_Nyegezi: Nimekuelewa mkuu. Nitafikiria. Tatizo mbuzi wa awamu ya pili nimeshamlipia.

Kiboko_wa_Capri: Rangi gani?

Tajiri_Nyegezi: Mweusi, beberu.

Msukuma_Halisi: Beberu ana harufu, achemshwe kwanza na tangawizi. Mimi naleta ugali.