Riwaya kuhusu Ginevra de' Benci: historia inaishia wapi na ubunifu unaanzia wapi?

Swali
Wanajamvi, nimemaliza kusoma riwaya ya kihistoria kuhusu Ginevra de' Benci, mwanamke wa Florence aliyechorwa na Leonardo da Vinci katika miaka ya 1470. Mwandishi anamsawiri kama mshairi mwenye ulimi mkali, aliyeozwa kwa mwanamume asiyempenda, kisha akazama katika mapenzi ya siri na Bernardo Bembo, balozi wa Venice. Je, kuna ushahidi gani wa mambo hayo?

Jibu la kwanza
Ndoa ni ya kweli: binti huyo wa ukoo wa wenye benki aliolewa na Luigi Niccolini mwaka 1474, akiwa na umri wa miaka 16, na Bembo akawasili Florence mwaka uliofuata. Kinachonitia shaka ni hiyo siri. Washairi wa mji huo, akiwemo Cristoforo Landino, waliyasifu mapenzi hayo waziwazi kwa tungo za Kilatini, kwa kuwa desturi ya wakati ule ilimruhusu mwanamume mwenye mke kumtukuza mke wa mtu, mradi mapenzi yenyewe yaishie katika maneno. Riwaya inayowaficha wawili hao gizani inakosa jambo lenye utata zaidi, yaani mwanamke kusifiwa mbele ya watu wote, akiwemo mumewe.

Jibu la pili
Naongezea kwamba picha hiyo, iliyoko National Gallery of Art mjini Washington, imechorwa pande zote mbili. Nyuma kuna kitawi cha mreteni kilichozungukwa na matawi ya mlaureli na mtende, pamoja na maneno ya Kilatini yasemayo kwamba uzuri huupamba wema. Mlaureli na mtende ni nembo ya Bembo, na uchunguzi wa miale ya infraredi ulifichua chini ya rangi kaulimbiu yake mwenyewe, "Fadhila na Heshima". Wapo wanaoshikilia kuwa upande wa mbele ni picha ya harusi, lakini huku nyuma sioni alama yoyote ya Niccolini.

Muuliza swali
Ahsanteni. Na ushairi wake je?

Jibu la tatu
Umesalia mstari mmoja tu: "Naomba huruma, nami ni chui milia wa milimani." Kwangu mimi, mstari huo unatosha kuhalalisha ule ulimi mkali, hasa ukimtazama usoni: wanawake wa Florence walizoea kuchorwa kwa upande, ilhali yeye amegeuzwa kutuelekea, kope zake nzito, bila tabasamu. Kuhusu mikono, kuwa mwangalifu. Ubao ulikatwa sehemu ya chini, kwa hiyo riwaya ikieleza alichokishika, hapo mwandishi anabuni, pengine akiongozwa na mchoro wa mikono wa Leonardo uliohifadhiwa Windsor.