Gumzo la ukoo: handaki la nyuma ya mkorosho

Salma: Shikamooni wote. Mwalimu wa historia katuuliza kama mabomu ya 1940, Vita vya Pili vya Dunia, yaliwavunja moyo watu wa London. Nimejibu hayakuwavunja. Baba mdogo, nisaidie hoja.

Baba mdogo Hamisi: Marahaba. Usiishie hapo. Ndege za Ujerumani zilianza Septemba 7, zikapiga karibu kila usiku miezi miwili. Hadi Mei 1941 raia zaidi ya 40,000 wa Uingereza walikuwa wamekufa. Serikali haikutaka watu walale kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Wakakata tiketi, wakashuka na mablanketi, wakagoma kutoka. Baadaye wakawekewa vitanda.

Salma: Hakuna waliokimbia?

Baba mdogo Hamisi: Wapo. Plymouth, mji wa bandari wa Uingereza, maelfu walitoka mjini kila jioni, wakalala mashambani, asubuhi wakarudi kazini. Usiwaite waoga. Kilichoumiza wengi ni kubomokewa nyumba, kisha kuzungushwa ofisi hii na ile bila pa kulala.

Shangazi Mwanahawa: Mama yupo hapa jikoni, nimemsomea. Naandika anavyosema:

"Vita vya Mreno na Frelimo kule Msumbiji, sisi tulikuwa kijijini kando ya Ruvuma. Ukisikia ndege unaacha kinu na mchi. Handaki letu lilikuwa nyuma ya mkorosho. Mama yangu na jirani walikuwa hawasemezani, ugomvi wa mpaka wa shamba. Siku hiyo yule mama akaingia kwetu na kichanga. Giza, udongo unadondoka shingoni, mtoto analia, maziwa ya mamaye yamekata kwa hofu. Mama hakusema neno. Akampokea, akamnyonyesha. Akaendelea hivyo hadi tulipoacha kulala handakini. Ugomvi wa shamba haukuisha. Ila ming'oko ikichemshwa kwetu, sahani ya kwanza ilikwenda kwao."

Baba mdogo Hamisi: Na mjomba mkubwa?

Shangazi Mwanahawa: Mama anasema mjomba alihamia Masasi, hakurudi kuishi kijijini. Mvua ikinguruma alikuwa anaingia mvunguni. Mtu mzima. Hawakumlaumu. Kila mwaka walimpelekea korosho.

Salma: Bibi, na waliovuka kutoka Msumbiji?

Shangazi Mwanahawa: "Walikuja na mitumbwi. Wamakonde wenzetu. Vyumba viwili, tukalala kumi na mmoja."

Salma: Narekebisha jibu langu. Kile kichanga kilipona?

Shangazi Mwanahawa: Ndiye mjomba Selemani wa Mikindani. Ndugu wa ziwa moja na bibi yako.

Salma: Kumbe ndiyo maana sisi tunamwita babu.